Jina la Mwanangu Ubavuni mwa Gari

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana nimefika mwisho wa akili zangu na mke wangu Marlene hasemi nami tangu Jumapili. Mimi ni fundi wa mabomba na mitambo ya kupasha nyumba joto huku Wisconsin, kampuni ni yangu peke yangu, kwenye cheti ina jina alilochagua wakili ambalo hakuna anayelijua, watu wanatujua kwa jina lililoandikwa ubavuni mwa gari, Kolarik na Mwanawe, nililolisajili wiki ile mwanangu Garrett alipofuzu ufundi, na Marlene ndiye hupokea simu, kila ikilia anasema, “Kolarik na Mwanawe, tukusaidie nini?” Garrett alizama ziwani miaka miwili iliyopita, barafu iliyofunika maji ilipasuka akiwa juu yake anavua samaki.

Mwaka huu serikali imetaka kampuni ndogo zieleze wenye kampuni ni nani na zinafanya biashara kwa majina gani. Nikajaza fomu kwenye kompyuta, nikaandika Kolarik na Mwanawe, kisha nikaogopa kwamba watauliza huyo mwana yuko wapi, mbona mmiliki ni mmoja, basi nikamwandika naye, nikachukua leseni yake ya udereva ambayo Marlene huitunza kwenye kopo la kadi za mapishi, nikatuma picha ya leseni hiyo kama kitambulisho chake na kuthibitisha kwamba yote ni kweli. Mshauri, miaka tisa Garrett aliniuliza, “Baba, lini utaniandika kwenye kampuni?” nami nikamjibu, “Mwakani, kijana, haraka ya nini?”

Marlene aliikuta leseni kwenye mashine ya kunakili. “Vern, kadi ya mwanangu inafanya nini hapa?” Nilipomweleza akasema, “Alipokuwa hai hukumpa hata kipande. Leo amekufa ndiyo unamfanya mshirika?” Mhasibu naye anasema lazima nimwondoe. Nimfute mwanangu kwa mkono wangu? Wateja wakiuliza kijana yuko wapi nasema yuko kazini upande wa pili wa mji. Nataka kubandua herufi garini na kufunga kazi. Sioni hata sababu ya kuamka.

Fundi, Wisconsin

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, majina nimeyabadilisha, hakuna atakayekujua. Pole. Nimeisoma barua yako mara tatu na imeniliza.

Sasa nikugombeze. Nani alikwambia jina la biashara ni orodha ya wenye mali? Mtaani kwetu kuna duka la mikate linaitwa Ndugu Watatu, na mwenyewe ni mama mmoja asiye na ndugu hata wa kusingiziwa. Hakuna ofisa aliyekuja kuwahesabu. Fomu ilikuuliza mambo mawili tofauti, ukayakoroga kwa sababu moyo wako ulitaka kuyakoroga.

Rekebisha wiki hii, mhasibu akiwa pembeni yako, maana ukishajua kosa siku zinahesabiwa. Mwondoe Garrett kwenye wamiliki. Kisanduku cha jina la biashara usikiguse, ni cha kweli, na herufi za garini ziache zilipo. Mteja atakayeuliza tena mwambie ukweli, hata ukilia mlangoni pake. Na hilo la kutoona sababu ya kuamka limenitisha, mpigie daktari wako leo kabla hujaliweka gazeti hili chini.

Leseni mrudishie Marlene mkononi, na umweleze habari ya “mwakani” kama ulivyonieleza mimi. Sitakudanganya, ulichomnyima Garrett hakimfikii tena. Alitaka kuandikwa akiwa hai.

Lakini umeniandikia kwamba kampuni ni yako peke yako, na katika sentensi hiyohiyo kuna mwanamke anayemtaja mwanawe aliyekufa kila simu inapolia, ili wewe upate kazi. Huyo naye hujamwandika. Nenda naye kwa wakili, apewe sehemu yake kihalali, kisha fomu ibebe wamiliki wawili wa kweli.

Na akikuuliza lini, Vern, usimwambie mwakani.