Kompyuta ya Baba Iko Chini ya Vitambaa

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nimekasirika mpaka nakosea mishono kwenye cherehani, na nyumbani hatusemeshani. Mimi ni fundi wa nguo, naishi na wazazi wangu. Baba alikuwa fundi wa simu za mezani mpaka alipostaafu, na mwaka jana alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea na ulimi ukawa mzito, akisema neno huelewi, lakini akili yake ni nzima kabisa, na kilichomwokoa ni kompyuta yake ya zamani, ile ambayo kibodi na mashine ni kitu kimoja, unaiunganisha na televisheni, aliyoinunua mimi sijazaliwa. Haina kipanya wala picha, ni maandishi tu, unaiandikia amri nayo inatii, lakini usiidharau, inafanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja, baba anaiamuru ichape barua yake kwenye printa na yeye anaendelea kuandika mambo mengine, ana ukurasa wa kuongea na mimi na ukurasa wa kuongea na mama, akibonyeza kitufe kimoja anatoka kwangu anaingia kwa mama na hakuna kinachopotea, yote kwa mkono wa kushoto. Walikuwa wanagombana na mama kwenye televisheni kuhusu chumvi, printa inanguruma, mimi nacheka jikoni.

Basi kaka yangu mkubwa, ambaye ni meneja wa ghala, akaja na laptopu mpya nikiwa dukani, akamwambia baba, "Hii ni nzuri zaidi, mzee, utazoea," akaibeba ile ya zamani pamoja na diski zake zenye programu akampa mnunuzi wa vyuma chakavu, hakumuuliza mtu, na mama anasema baba alimshika shati kwa ule mkono mzima, kaka akadhani anashukuriwa. Akadhani anashukuriwa, mshauri. Baba alijaribu hiyo laptopu, kila akigusa kinafunguka kitu asichokitaka, akaifunika akageukia ukutani, na tangu hapo ni kimya.

Nilizunguka kwa wauza chakavu wote mpaka nikaipata, nzima, na diski zake, nikaileta dukani. Nikampigia kaka nikamwita mwizi, mkewe akisikia, naye akajibu, "Nikiikuta hapo nyumbani naitupa tena." Nikamwambia asikanyage kwetu. Nimeapa mashine hairudi nyumbani mpaka apige magoti mbele ya baba, kwa hiyo iko hapa chini ya vitambaa, baba hajui kama nimeipata, na mama ananililia, "Mwanangu, irudishe, kaka yako ni kaka yako," lakini nikiirudisha kimya kimya si atakuwa ameshinda? Je, nina kosa?

Fundi mwenye hasira

JIBU

Unalo, na nimelisoma mara mbili nikidhani macho yananidanganya.

Pole kwanza. Kaka yako alifanya jambo la ovyo. Alimvamia mzee mgonjwa akamnyang'anya njia ya kusema, kisha akaondoka akijisifu kwa zawadi. Hasira yako juu yake ni halali na sikulaumu kwa hilo. Lakini wewe, dada yangu, umeipata sauti ya baba yako ukaifunika vitambaa. Kaka hakujua anachobeba. Wewe unajua, ulikaa jikoni ukacheka, na bado unamwacha mzee aangalie ukuta ili umkomeshe mwenzako. Magoti ya kaka yako yanamsaidia nini baba anayetaka kuomba maji?

Sikuweza kungoja gazeti litoke. Nilikupigia dukani kwa namba uliyoiandika kwenye barua, ukaanza kujitetea, nikakukatiza: funga duka, beba mashine, nenda. Ulininunia, lakini ulienda. Jioni ukanipigia unalia. Ukaniambia baba aliingiza diski mwenyewe, akakataa kusaidiwa, na mama akavuta kiti. Ukangoja akushukuru. Badala yake akaandika: MWITE KAKA YAKO. NA WEWE USITOKE.

Sasa unaniuliza ufanye nini. Fanya alivyosema. Mpigie kaka leo, bila matusi, mwambie anaitwa na baba. Kama bado anataka kuitupa mashine, aitupe mzee akimtazama. Kabla ya hapo, nakili zile diski, maana ni kuukuu, na tafuta fundi wa kuangalia nyaya. Laptopu irudishe kwa aliyeileta, katika ugomvi huu asiye na hatia ni laptopu peke yake.

Mkishakuwa pamoja wote, kaa chini na ufunge mdomo. Usimwelezee baba, usimmalizie sentensi, usiongeze yako. Ataandika polepole, kwa mkono mmoja, na huenda mengi yakawa juu yako. Mvumilie mpaka amalize. Na kila mstari utakaotokea kwenye televisheni, kaka yako ausome kwa sauti.