Picha ya Kifua cha Kishindo

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za afya na kazi? Wifi yangu na watoto hawajambo? Huku tu wazima, ila magoti yanamsumbua Baba na hataki kuambiwa.

Nakuandikia habari za Kishindo. Unakumbuka ulivyomleta ndani ya shati, hata Mama akadhani umeficha mkate? Baba akatangaza kwamba mbwa ni wa nje, na wa nje atabaki. Tulivyocheka jikoni siku ile, sijui kama nimecheka hivyo tena.

Miezi michache iliyopita alianza kukohoa, akakonda akabaki mbavu. Baba alimbeba mwenyewe hadi kliniki yetu ya wanyama, kamfunika lile koti lake jeusi la shughuli. Nilitaka kumtania, lakini nilipomwona uso nikaenda kuandaa mashine.

Tulimvalisha Baba aproni ya risasi ya kuzuia mionzi, amshike mbwa kwenye meza ya eksirei. Mbwa haambiwi avute pumzi, kwa hiyo nilimvizia mpaka kifua kikajaa ndipo nikabonyeza. Kumbe Baba naye kabana pumzi, macho yamemtoka! Ikabidi nimkumbushe kwamba yeye hapigwi picha.

Kaka, picha ilinitisha. Mapafu ambayo yangepaswa kuonekana meusi kwa hewa yalijaa vidoa vyeupe kila upande, kama mtama uliomwagika, na tezi za katikati ya kifua zimevimba. Mimi na daktari mwenzangu tulitazamana. Wote tuliwaza saratani. Lakini fangasi wa udongoni nao huacha picha kama hiyo, basi nikamuuliza Baba kama Kishindo bado anachimba. Akasema hajaacha, kutwa yuko chini ya tangi la maji, palepale mlipokuwa mkifukia mifupa. Tukamchoma sindano kwenye tezi ya shingoni, tukavuta majimaji na kuyatazama kwa hadubini. Walikuwa fangasi. Nililia kwa furaha, mbele ya wateja.

Dawa ni ya miezi mingi. Juzi tumerudia picha. Vidoa vimeanza kufifia, na jana kaiba nyama mezani.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni jingine. Siku ile tukingoja picha, Baba, aproni bado mwilini, alisema kwa sauti ya chini, “Huyu akifa, mwenzake akirudi nitamwonyesha nini?”

Nikamuuliza mwenzake nani.

“Kaka yako. Nilipomwambia asikanyage tena kwangu, mbwa alikwenda kukaa getini kumngoja. Mwishowe na mimi nikawa nakaa naye.”

Jioni zote zile, Kaka, nilidhani anapunga upepo.

Alinikataza nisikuambie. Nimekuambia, akigomba, nitagombezwa mimi.

Nisalimie wifi, watoto wapakate kwa niaba yangu. Usiandike kwamba unakuja. Njoo tu.

Mdogo wako,
Kitinda