Nilimfuata Nikijua Si Wewe

Dada Yustina,

Leo nimemwaibisha mama wa watu dukani, na chanzo ni wewe. Usinune. Ngoja nikueleze.

Tangu ulipofariki, supamaketi yetu hapa Mbinga mjini nailinda peke yangu. Bado navaa nguo za nyumbani na kubeba kikapu kama mteja, lakini ile kazi ilikuwa ya watu wawili. Wewe ulikuwa unalalamikia bei kwa sauti, mimi natazama mikono ya watu. Hata hivyo nusu ya mji ilitujua, watoto wakituamkia, "Shikamooni, askari," nawe unaitikia marahaba bila aibu. Sasa nibishane bei na nani? Meneja ameniambia niweke simu sikioni nijifanye naongea. Naongea, Dada, na upande wa pili hakuna mtu.

Asubuhi akaingia mama mmoja. Nilimwona kwa nyuma: kitenge cha bluu, bega la kushoto limeshuka kidogo, mwendo wako uleule wa mtu asiyedaiwa haraka na yeyote. Nilijua si wewe. Nilikuzika, udongo niliutupa kwa mkono wangu. Lakini miguu haikunisikia. Akienda kwenye unga, nami kwenye unga. Akisimama kwenye mafuta, nami nipo. Ulinifundisha kwamba ukimfuata mteja rafu mbili, umsalimie, asijione anawindwa. Nilimfuata rafu nne kimya, maana nilijua akigeuka tu, nimekupoteza tena.

Akageuka. Uso mwingine kabisa. Akanitazama, akatazama kikapu changu kitupu, akaelewa vile ambavyo mtu yeyote angeelewa. Akaufungua mkoba wake mbele ya foleni nzima: leso, kitabu cha sala, vidonge vya presha.

"Tazama, mwanangu. Nimetoka Liuli kumuuguza binti yangu. Sijaiba."

Meneja akaja kuuliza kuna nini.

Ningesema nilimshuku, ningesifiwa kwa kuwa macho. Nikasema kweli, kwamba mama huyu hana kosa lolote, nilimfuata kwa sababu kwa nyuma anafanana na dada yangu wa kazini niliyemzika. Nikapiga goti kumwomba radhi, na machozi yakanitoka palepale, mimi niliyekucheka kwa kulia kwenye harusi za watu.

Yule mama akafunga mkoba wake taratibu. "Basi nibebee kikapu," akasema. "Walioniona nikifuatwa, wanione pia nikisindikizwa."

Tulizunguka duka zima. Akaniuliza ulikuwa mtu wa namna gani, nami nikamweleza mpaka kaunta. Meneja amenionya kwa mdomo. Nikirudia, ni barua ya onyo.

Dada, tangu mazishi sijakanyaga Mkumbi ulikolala. Nimesingizia kazi, nimesingizia mvua na barabara. Kweli ni kwamba nilipokuwa silioni kaburi lako, niliweza kuendelea kukuona kwa wateja. Mama wa Liuli hakustahili kubebeshwa hilo. Nimekukumbuka hadi nimemuumiza mtu.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, nakuja. Nitapalilia, nitakaa chini, nitakutazama hapohapo ulipo. Pumzika, Dada yangu. Nakuahidi, migongo ya watu nitaiacha ipite.

Mdogo wako wa kazini,
Edita