Namba ya Kwenye Kofia ya Baba

Dunda, Bagamoyo
Alhamisi, 4 Septemba 2025

Mdogo wangu Mina,

Salaam nyingi. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku ni wazima. Baba anakula vizuri, na miguu yake ina nguvu kuliko yangu. Hiyo miguu ndiyo tabu yenyewe.

Najua umeshangaa kupata karatasi. Simu yangu imepotea tangu juzi Jumanne, na namba yako ilikuwa humohumo, kichwani sina. Ya jirani sitaki kuazima, maneno yetu yakaja kuanikwa uani. Barua nimempa Mwalimu Teddy, maana anafundisha huku na kulala Kerege, karibu na duka lenu.

Niliiacha dirishani inachaji, nikatoka kuanika samaki. Kurudi, waya upo, simu haipo. Nimepekua mpaka kwenye pipa la unga. Ukipiga, haipatikani. Mafundi wawili wa sokoni nimewauliza, hawajaiona. Aliyeiba simu na abaki nayo, mimi nataka namba.

Hukuambiwa, basi nakwambia sasa. Tangu mwaka jana Baba hutoka kila asubuhi, anasema anawahi zamu forodhani, kama vile hajastaafu. Kurudi hajui. Kwa hiyo nimemdarizia namba yangu kwenye pindo la kofia zake zote tatu, na mji mzima unajua: ukimwona Mzee Mwinyimvua amezubaa njiani, soma kofia, piga. Sasa wanapiga na hakuna wa kupokea.

Polisi wamenipa karatasi ya upotevu. Wakala wa laini akanirudisha: "Mama, laini hii si ya kidole chako." Ndipo nikakumbuka. Ule mwaka wa kusajili laini mashine ilivikataa vidole vyangu, chumvi ya samaki imeshavila, ukaweka chako. Mpaka leo serikalini laini ile ni ya Mina. Njoo siku moja uweke kidole, uondoke. Ndani si lazima uingie.

Dada yako,
Adija


Kerege
Jumapili, 7 Septemba

Dada Adija,

Shikamoo. Barua imefika. Sisi hatujambo, yule mdogo alikuwa na mafua, ameshapona.

Pole kwa simu. Lakini, dada, miaka miwili hukuniandikia hata mstari, leo unanitafuta kwa ajili ya kidole. Siku ya arobaini ya Mama, Baba alinitazama mbele ya watu akauliza, "Huyu mgeni wa nani?" Nilipolia, wewe ukanijibu nini? "Asiyekuwepo na lake halipo." Na mimi nikasema umemtia Baba maneno ili asinijue. Nilisema kwa hasira, sikatai. Lakini nawe ulisema.

Fumua huo uzi, udarizi namba nyingine. Mtu ambaye hanijui, sioni kidole changu kitamfaa nini.

Mdogo wako,
Mina


Dunda
Jumatatu, 8 Septemba

Mina,

Marahaba. Nashukuru mtoto amepona.

Namba nyingine niitoe wapi? Laini mpya nayo inataka kidole. Niweke cha jirani, kesho tukigombania kamba ya kuanikia aizime? Sitaki Baba awe mikononi mwa mtu baki.

Juzi Jumamosi alitoka. Mama mmoja anayekaanga samaki ufukweni alimkuta, akasoma kofia, akapiga mpaka akachoka. Akamkalisha kwenye benchi lake tangu saa nne asubuhi mpaka alasiri, nilipofika kwa kuuliza mtu na mtu. Alikuwa amejikojolea, na mama wa watu alikuwa amemfunga khanga yake mwenyewe. Nililia njia nzima. Yeye akawa ananibembeleza kwa jina la marehemu Mama.

Ndiyo, Mina. Mimi pia hanijui. Si wewe peke yako. Wewe ulisahauliwa siku moja ukasusa, mimi nasahauliwa kila siku na uji napika. Safari hii alikutana na mtu mwema. Siku akikutana na gari, atakayesoma kofia atampigia nani?

Sikuombi tena.

Dada yako,
Adija


Dunda
Jumatatu, 15 Septemba

Mdogo wangu Mina,

Hujambo? Wa nyumbani hawajambo? Sisi ni wazima.

Nina swali moja tu. Tangu Jumatano iliyopita Baba analetwa nyumbani kwa bodaboda. Kijana anaitwa Ausi. Anamshusha taratibu, anamwekea kofia sawa, ananiambia, "Nimeshalipwa, mama," na kuondoka. Jana amemleta mara mbili. Nikamwuliza nani anamtuma, akacheka: "Nimeambiwa nisiseme." Mkaidi wa namna hiyo namjua mmoja tu, na tulinyonya ziwa moja.

Kama ni wewe, sema. Na kama laini umeirudisha, mbona huniletei?

Dada yako,
Adija


Kerege
Jumanne, 16 Septemba

Dada Adija,

Shikamoo. Sote wazima, alhamdulillahi.

Ni mimi. Barua yako ya pili niliisoma, nikaikunja, nikaifungua tena. Jumatano nikaenda kwa wakala, kidole kikasoma mara moja. Laini nikaitia kwenye kisimu changu kidogo kuijaribu tu, kesho yake nimpe Teddy akuletee. Kabla sijaitoa ikaita. "Tuna mzee wako hapa msikitini, amevaa viatu vya watu." Nilibabaika, dada. Niko Kerege, nitamfikia saa ngapi? Nikamkimbilia Teddy, ndiye akanipa namba ya Ausi.

Alhamisi ikaita mara mbili. Ijumaa alikuwa dukani kwa Bwana Hamed, na Hamed akaniambia, "Anakunywa kahawa, usiwe na haraka." Jumamosi mama mmoja alinitukana: mnamwachaje mtu mzima azurure, mna roho gani? Nilitaka kumjibu, nikaishia kumwomba radhi. Maneno yake yalikuwa ndugu wa yale yangu ya arobaini. Mpaka jana imeita mara tisa. Mimi napokea simu tu. Wewe ulikuwa unapokea, unaacha samaki juani, unamfuata kwa miguu, mwaka mzima. Nilidhani unamficha Baba, kumbe unamkimbilia. Nisamehe, dada yangu. Nimekosa.

Ulichouliza ni kwa nini sikuileta. Kila inapoita nawauliza watu: amevaaje, amesema nini, amecheka? Wananiambia. Miaka miwili sikuwa na habari zake, sasa ninazo kila siku, na nimekuwa mroho. Niachie siku chache nyingine.

Mdogo wako,
Mina


Kerege
Alhamisi, 18 Septemba

Dada yangu Adija,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama, na Baba pia.

Simu yako imepatikana. Hakuna aliyeiba.

Jana mchana ile namba iliita. Mwanamume, kwa lafudhi mtu wa bara, akasema anaitwa Raymundi, fundi simu, kibanda chake kiko nyuma ya stendi. "Nimesoma namba kwenye kofia ya mzee," akasema. "Nina simu yake hapa, aliniletea mwenyewe nimtengenezee. Sasa nampa, anakataa, anasema si yake." Nikamwuliza aliileta lini. Jumanne ileile, dada. Baba aliichomoa dirishani akaenda nayo mwenyewe mpaka kwa fundi, siku hiyo akiwa kichwa wazi. Fundi akaizima, akaiweka kwenye droo, akamwambia apitie kesho. Kesho yake alfajiri akapata habari ya msiba kwao Ifakara, akafunga kibanda. Amerudi juzi. Jana kamwona Baba anapita, akamwita.

Akaniomba radhi sana kwa kuchelewa. Akasema pia ameifungua na kuitazama kote, ubovu hakuuona.

Nikamwuliza, mzee alisema ina ubovu gani? Akasema subiri, niliandika. Si unajua mafundi wanavyobandika kikaratasi cha gundi mgongoni mwa simu, wakaandika jina la mtu na tatizo, zisije zikachanganyika. Akanisomea kama alivyoandika: "Mzee Mwinyimvua. Simu ya Mina haiingii."

Akaniuliza, "Huyo Mina unamjua?"

Nilikaa chini, palepale dukani, kwenye gunia la mchele. Wateja wakaniuliza nina nini. Nikamwambia fundi kwamba Mina ndiye mimi, na simu ni nzima, haikuingia kwa kuwa sikupiga. Miaka miwili, dada. Mimi nimekaa Kerege nahesabu kwamba Baba amenisahau, na yeye anadhani simu ni mbovu.

Nimemwomba fundi asikibandue kile kikaratasi. Kesho baada ya sala ya Ijumaa nitapitia kibandani, niichukue, nije nayo pamoja na laini. Nitaingia ndani. Kama Baba ataniita mgeni, nitakaa kama mgeni na samaki nitakula. Usimlazimishe kunijua, naye usimgombeze kwa simu, hakufanya kosa.

Halafu nitaitia laini, nimpe simu mkononi, nitoke uani nimpigie. Akipokea tukazungumza, kisha akasahau kwamba nimepiga, nitapiga tena.

Mdogo wako,
Mina