Ndege Ikizunguka Kibondo

Alhamisi, 4 Machi 1976

Leo ndege haikuzunguka. Imetokea mlimani ikashuka moja kwa moja. Mimi nilikuwa chooni.

Tangu nimeanza kulinda kiwanja hiki, ndege inazunguka kwanza. Inapita chini juu ya mji, bati za duka la Mzee Gharibu zinalia, natoka mbio na fimbo. Wachungaji nao wanasikia, wanatoa ng'ombe kwenye majani. Ikirudi kiwanja kiko wazi. Ndiyo desturi. Hata ng'ombe wanaijua.

Leo ng'ombe wa Pasikali walikuwa katikati. Rubani kakanyaga breki, ndege ikaenda upande upande kama mlevi, bawa likapita juu ya mgongo wa ndama mwekundu. Kidogo tu. Rubani mwenyewe mgeni, anaitwa Abdulrahmani, mtu wa Tanga. Shati jeupe, mistari mabegani. Alishuka. Kaniuliza kama mimi ndiye mlinzi. Nikaangalia chini.

"Ndugu, nakuuliza wewe. Siulizi viatu vyako."

Viatu sikuvaa.

Kumbe kampuni mbili za ndege zimeunganishwa. Korongo, hii ya kwetu, na Mbayuwayu ya Mwanza. Uongozi mpya umekaa Mwanza na umekataza kuzunguka. Eti kunakula mafuta. Mimi nani aniambie?

Nyumbani mke wangu Winifrida, na mimba yake kubwa, kauliza kama ndege itaendelea kuja kila Alhamisi. Nimesema itakuja. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa, hospitali ya Kabanga, karibu na Kasulu. Sista wa hospitali alisema wa pili asimwanzie uchungu nyumbani, mshono unaweza kuachia. Na barabara ya Kasulu imekufa, malori yamezama matope huku kabla ya Makere. Kwa hiyo ni ndege. Hakuna kingine.

Jumamosi, 6 Machi

Mvua. Abdulrahmani yuko hapa bado, kiwanja kimelowa. Jana kaja Nestori na ndege nyingine, akaona mawingu, naye kalala. Nestori ni wetu, wa Korongo, ana kaptula ya kaki na kikohozi cha sigara. Yeye kazunguka. Amri anaijua, kazunguka.

Nimewapelekea kuni kwa Mzee Gharibu, wanakolala. Mzee kaniambia kaa, ota moto. Nikakaa nyuma ya mlango. Marubani wakisha kuzoea kwamba huongei, wanakusahau.

Wanabishana. Abdulrahmani anasema tatizo la Korongo lilikuwa kila mtu anafanya lake, hakuna hesabu ya mafuta, ndege inabeba mpaka mbuzi wa padri. Nestori kasema ndiyo, na yule mbuzi alikuwa na adabu kuliko meneja wenu.

"Meneja wetu sote sasa," Abdulrahmani kasema.

"Ah. Tumeoana bila posa, ndugu yangu. Bibi harusi hajui jina la bwana."

Nestori ana uchungu wake. Uongozi mpya unahesabu utumishi kuanzia siku ya kuungana. Yeye mkongwe na kijana wa juzi wako sawa. Na mkuu wa marubani katoka Mbayuwayu. Abdulrahmani kasema kwa sauti ndogo kwamba hata wao hawapendi. Hiyo amri ya kutozunguka nusura imuue. Kasema: "Mimi sikusomea kukimbizana na ng'ombe."

"Na ng'ombe hakusomea kukupisha," Nestori kajibu.

Mzee Gharibu kacheka mpaka kamwaga chai. Lakini wao hawakucheka. Abdulrahmani kasema amesikia Mwanza wanataka kubaki na Kigoma, Tabora na Mwanza tu. Viwanja vya majani vifungwe.

Kiwanja cha majani ni sisi. Kuni ziliniisha mkononi, sikujua nimezivunja vipande vidogo vidogo.

Jumatatu, 8 Machi

Hakuna jipya. Nimefyeka upande wa mfuko wa upepo, ule unaoonyesha marubani upepo unakoelekea. Korongo aliyechorwa kwenye mkia wa ndege ya Nestori wamempaka rangi nyeupe, lakini jua likipiga unamwona chini ya rangi, shingo na miguu.

Mwalimu wa elimu ya watu wazima kasema tuandike kila siku, mkono usisahau. Mkono hausahau. Roho ndiyo haitulii.

Alhamisi, 11 Machi

Nestori kaja. Kazunguka. Nilikuwa nimesimama tayari tangu asubuhi.

Nilitaka kumwomba kuhusu Winifrida. Nimeyapanga maneno njia nzima. Nilipofika, nikamwambia mapipa matupu yako tayari. Basi. Ni Mzee Gharibu aliyemwambia, alikuwa amekuja kupokea mzigo wake. "Huyu kijana mkewe ana mimba ya kisu. Mpeleke Kasulu."

Nestori kaniangalia. Kasema mbona husemi, we Tharsisi? Leo nafasi imejaa mapipa, lakini Alhamisi ijayo ndege iko tupu kurudi Kasulu. Nimlete. Hata hivyo leo tusingeweza, mama mkwe hajafika kutoka Gwarama, mtoto tungemwacha na nani.

Kisha kasema: panda wewe, ukanisaidie kushusha mapipa, uonane na huyo Sista wako.

Nimepanda ndege. Sikuangalia chini hata kidogo. Naandika haya Kasulu.

Ijumaa, 12 Machi, Kasulu

Asubuhi nimekwenda Kabanga kwa miguu. Sista kamkumbuka Winifrida. Kasema aje upesi, asingoje hata tarehe ya kujifungua. Kanikemea kana kwamba mimi ndiye niliyezamisha malori.

Mchana marubani wamekutana. Siyo wawili, ni saba, wengine wametoka Tabora na Kigoma, kila mtu kasingizia ndege mbovu. Wamekaa chumba cha nyuma cha hoteli ya Bibi Kuruthumu, dirisha limefungwa. Mimi nilikuwa uani nammenyea bibi ndizi. Ukuta wa matete ule. Unasikia mpaka mtu akijikuna.

Wa Korongo upande huu, wa Mbayuwayu upande ule, nilijua kwa sauti. Mmoja kasema wagome kabisa, ndege zikae chini mpaka meneja aje mwenyewe. Mwingine kasema ukigoma unaitwa adui wa taifa, utalima gerezani. Mmoja kasema kampuni hii haimalizi mwaka, kila mtu atafute pa kwenda. Wakaanza kutukanana. Wa Mbayuwayu wanaitwa makarani. Wa Korongo wanaitwa masanduku ya sadaka. Bibi Kuruthumu kagonga ukuta na mwiko: "Wanaume, kuna watu wanasali jirani."

Wakatulia. Hapo Abdulrahmani ndiyo kasema lake. Tusigome. Turuke kama ratiba inavyotaka. Lakini kila kiwanja cha majani tuzunguke mara tatu, kama kitabu cha usalama kinavyosema. Tukiona chochote kwenye kiwanja, ng'ombe, mbuzi, mtu, hatutui. Tunageuza tunarudi tulikotoka, tunaandika kiwanja si salama. Mafuta yatateketea, Mwanza watapiga yowe waje kutusikiliza, na hakuna atakayesema tumegoma. Tumefuata kitabu.

Nestori kauliza: "Na wagonjwa?"

Abdulrahmani kasema wagonjwa wavumilie sasa wapate ndege salama, la sivyo mwakani hawatapata ndege kabisa. Kasema: "Kaka, mimi nilimwona yule ndama jicho lake. Nalota."

Wakapiga kura kwa mikono. Sikuona mikono. Nilisikia mtu akihesabu, akasimama kwenye sita, akangoja. Halafu Nestori kakohoa, na yule mtu kasema saba.

Inaanza Alhamisi.

Jumamosi, 13 Machi

Nestori kanirudisha Kibondo. Kabla ya kuwasha injini kanishika bega. "Nilikuona kwenye ndizi. Maneno ya jana usiyapeleke kwa mtu. Hata kwa mkeo. Mwanza wakijua tumepanga, tumekwisha wote saba."

Nimeitika kwa kichwa.

Angani nilitaka kumwuliza kama Alhamisi anakuja yeye. Injini inapiga kelele. Nikajiambia tukishuka. Tulishuka, akateremsha mifuko ya posta, akaondoka injini haikuzimwa.

Mama mkwe kafika. Mama Rosa huyu, kaingia tu kamkosoa kila mtu, na jiko. Nimefurahi kumwona.

Jumatatu, 15 Machi

Nimekwenda kwa Pasikali. Mimi! Nimesimama mlangoni mpaka mbwa kanichoka. Nimemwambia Alhamisi ng'ombe wasifike kiwanjani kabisa, hata asubuhi.

Kashangaa. Si ndege inazunguka, tutawatoa ikizunguka?

Nikasema safari hii wasiwepo kabisa.

"Kwa nini?"

Kaniangalia sana. Kisha kasema, "Yule ndama wangu tangu siku ile hanyonyi vizuri. Sawa. Watakwenda mtoni." Kaongeza kwamba hajawahi kunisikia nikisema maneno mengi namna hiyo, labda ndoa imenikomaza.

Nimekwenda pia kwa wenye mbuzi. Na shule, watoto wasikatishe. Watu wanacheka. Tharsisi anapokea Rais nini? Nimeacha wacheke.

Jumatano, 17 Machi

Winifrida kiuno kinamuuma. Anasema ni cha kawaida. Mama Rosa hasemi kitu, na hilo ndilo linanitisha.

Nimeuliza polisi wenye redio kol rubani gani kesho. Hawajui. Wanasema Kasulu nao hawajui.

Kama ni Nestori, labda. Anamjua Winifrida. Lakini mkono wake ulikuwa wa saba. Kama ni Abdulrahmani—

Nimetembea kiwanja chote tena. Nimeokota mpaka mavi ya ng'ombe, yasionekane kama kitu.

Winifrida kaniuliza nina nini. Mara mbili kauliza. Nimesema nawaza matope. Ni kweli pia.

Alhamisi, 18 Machi

Asubuhi. Wingu liko chini lakini kuna mwanga. Uchungu umeanza alfajiri. Mama Rosa kasema bado mdogo mdogo. Nimetangulia kiwanjani, majirani watamleta kwa ngobyi, ile machela ya kusuka tunayobebea wagonjwa. Nimewaambia mumweke chini ya mti wa mjohoro, kando. Hapo hapo, msisogee. Wamesema ndiyo, ndiyo.

Kiwanja ni kitupu. Hakuna ng'ombe. Hakuna mbuzi. Sijakiona hivi toka nizaliwe.

Baadaye. Wamefika. Winifrida jasho, lakini kacheka kidogo aliponiona nimevaa viatu. Pasikali kaja. Mzee Gharibu kaja na chupa ya chai. Nusu ya mtaa kaja. Mtu akisafiri ndege huku, lazima asindikizwe. Wote chini ya mjohoro. Nimewahesabu kwa macho kama kuku.

Imekuja. Imezunguka mara moja, bati za mji zikalia. Nikaona kiwanja kiko wazi, nikasema Mungu wangu asante, ataona mwenyewe.

Halafu wakanyanyua ngobyi.

Sikuwaambia sababu. Wao wanajua ndege ikizunguka inatua, na mgonjwa anapelekwa katikati akutane nayo, asicheleweshwe. Ndivyo tulivyofanya miaka yote. Ndivyo walivyombeba yeye mara ya kwanza. Wanaume wanne wamekimbia naye mpaka katikati ya kiwanja, wakiimba, na watu wote nyuma yao, Mama Rosa na mwavuli mweusi, watoto, Mzee Gharibu na chai yake. Wametanda pale kama soko.

Na ndege inakuja mzunguko wa pili.

Nimepiga kelele. Mimi. Tokeni! Tokeni kiwanjani! Pasikali kasema, tulia baba, inazunguka tu, si inakuja? Nikamsukuma. Mtu mzima kama baba yangu, nimemsukuma kifuani. Nikashika mti wa ngobyi nikauvuta, Winifrida kalia kwa maumivu. Ndege ikapita juu yetu chini sana. Niliona tumbo lake, matone ya mafuta. Mkiani rangi nyeupe tupu. Jua hakuna, sikuona kama chini yake kuna korongo.

Sasa wamerudi wote chini ya mjohoro. Wananiangalia. Pasikali hanisemeshi. Mama Rosa kasema, "Wewe leo umepatwa na nini?" Nimewaambia yote. Kasulu, dirisha lililofungwa, mara tatu, chochote kikionekana wanageuza. Nimevunja ahadi yangu kwa Nestori mbele ya nusu ya Kibondo. Mzee Gharibu kakaa chini kwenye majani na kanzu yake nyeupe.

Naandika kwa sababu mikono haina kazi. Winifrida kashika mguu wa suruali yangu. Uchungu ukija anavuta.

Kiwanja ni kitupu tena. Ndege imeingia nyuma ya wingu upande wa mlima. Hapo ndipo inapogeukia ikija mzunguko wa tatu. Hapo ndipo pia njia ya kurudi Kasulu inapoanzia.

Winifrida kaniuliza, "Inakuja?"

Nasikiliza. Mlio upo. Haukui. Haupungui.