Mama, Hukufa Ukiimba

Mama,

Shikamoo. Ungekuwepo ungeitikia marahaba, kisha ungeniuliza kama nimekula. Nimekula kidogo. Tangu tulipokuzika nasikia kinyaa, na safari hii si kwa ajili ya kidonda chako. Kidonda kile kilinichosha, Mungu anajua, lakini hakikuwahi kunichefua kama maneno ya watu wanaokulilia sasa.

Tulikulaza nyuma ya migomba, karibu na Baba, pale ulipotaka. Watu walijaa mpaka kwenye mibuni, wengine wametoka Gonja. Nilikuwa nawatazama tu, najiuliza walikaa wapi miezi yote uliyolala ukinuka. Wakati ule walifika mlangoni, wakaimba ubeti mmoja ncha ya khanga ikiwa puani, wakaondoka. Shangazi alikuwa anaacha chungu cha uji pale uani na kuniita kwa mbali kama anayefukuza nyani shambani.

Na Mama Elifuraha, mkubwa wa kina mama wa usharika, ndiye aliyenizuia mferejini. Kwamba vitambaa vyako visifuliwe kwenye maji yanayoingia ndiva, hilo nilikubali, maana bwawa lile linanywesha mashamba ya kila mtu. Lakini alisema hata mtungi wangu usiguse maji. Mtungi, Mama, ambao haukuwahi kukaribia kitanda chako. Basi nikawa nateremka mpaka korongoni, mtungi kichwani na kikapu cha vitambaa vya marekani mkononi, nzi wakinisindikiza. Huyohuyo siku ya mazishi alijitupa chini akakuita dada yake kipenzi. Ilibidi nigeuke nitazame migomba, nisije nikatapika mbele za watu.

Halafu mwinjilisti akahubiri. Alisema ulivumilia bila neno, ukakata roho ukiimba. Nani alimwambia? Hakuwepo. Tulikuwa wawili tu, wewe na mimi, na hukuimba. Ulilia. Ulimwambia Mungu amekusahau, nami ukaniambia nina vidole vizito kama vya mchimba mfereji. Ile siku tuliyokushusha Same kwa machela, na daktari wa serikali, yule Mwingereza, akasema tumechelewa, ulilaani kila jiwe la njiani wakati wa kupanda kurudi. Wabebaji wakashindwa kujizuia, wakacheka. Ukacheka nao, kisha ukalia tena. Huyo ndiye mama yangu. Huyo aliyehubiriwa simjui.

Baada ya siku chache mwinjilisti alinijia nyumbani. Alitaka Jumapili nisimame kanisani nitoe ushuhuda kwamba ulikufa ukiimba. Hakuwa mkali, alikuwa mpole, na upole wenyewe ndio ulionitia kichefuchefu.

"Nakundwa, mwanangu," alisema, "watu wanahitaji kutiwa nguvu. Ukiwaambia alinung'unika, watasema alikufa nje ya imani."

Hapo alinichoma, kwa sababu swali hilo nilikuwa nalo mwenyewe. Nilikuwa nikipalilia mibuni nalo, nikipika nalo. Mtu anayemlaumu Mungu mpaka pumzi ya mwisho, anakwenda kupokelewa na nani? Niliogopa, Mama. Niliogopa umepotea, na kwamba uongo wa mwinjilisti ndio nguo pekee iliyobaki ya kukusitiri.

Kisha nikakumbuka ile asubuhi nilipofungua kitambaa nikaona vinavyotembea ndani ya kidonda. Nilitoka mbio nikatapika nyuma ya jiko. Nikiwa bado nimeinama, nikasikia sauti yako kutoka ndani: "Nakundwa, ukimaliza, niletee maji." Hukukasirika wala hukunionea haya. Nilipokuwa nakuosha nilikuuliza mbona huugulii kimya kama mwinjilisti alivyokushauri, ili ufanane na Bwana. Ulinitazama kana kwamba mgonjwa ni mimi.

"Yeye alipiga kelele pale msalabani, watu wote wakasikia," ulisema. "Mimi nani ninyamaze?" Ukanywa maji, ukaongeza kwamba hata kiu aliijua. "Huyo hawezi kunishangaa, mwanangu. Hawa wengine ndio wananishangaa."

Basi Jumapili nilisimama, nikayasema hayo kama yalivyo. Nilisema mama yangu alilia, akauliza kwa nini ameachwa, na kwamba Bwana aliyemwuliza aliwahi kuuliza vivyo hivyo. Nilisema naye pia aliomba kikombe kimwondokee. Wazee wakakohoa. Mwinjilisti akaanzisha wimbo hata kabla sijakaa. Nikakaa, na moyo ukatulia kwa mara ya kwanza tangu uzikwe. Hukupotea. Ulikwenda kwa mtu anayeijua hali yako.

Sasa sikia lililonifanya nikuandikie. Jana Mama Elifuraha alikuja, akipitia migombani badala ya njia ya mbele. Nilijua amekuja kunikaripia, sikumpa hata kigoda. Aliuliza polepole kama ni kweli ulisema Bwana hawezi kumshangaa mtu. Nikajibu ni kweli. Akafungua khanga yake.

Chini ya ziwa la kushoto, Mama, palepale kama wewe. Kidonda bado ni kidogo, amekibandika majani, lakini harufu ile ningeitambua popote. Alikuwa nacho tangu siku ile ya mferejini. Ndiyo maana hakutaka hata kuuona mtungi wangu ukipita; ulimkumbusha chake.

Sitakudanganya. Nilitamani kumwambia ateremke korongoni na nzi wamsindikize. Nikamtazama nisione huruma hata chembe, naye akaanza kulia kwa sauti, palepale uani, bila kujali nani anasikia. Nikamtolea kigoda. Lakini maji ya kumwoshea nilimtuma akateke mwenyewe mferejini, kwa mtungi wangu uleule. Alikwenda, akarudi nao kichwani, watu wakiona.

Kesho tutashuka naye Same kwa daktari, maana yeye bado ana miguu ya kutembea. Pengine hatujachelewa.

Lala, Mama. Barua hii nitaifukia karibu na kichwa chako, pale panapochipuka mgomba mpya. Ninachokuahidi ni hiki: nitamwosha Mama Elifuraha kama nilivyokuosha wewe. Kinyaa kikinishika, nitatoka nje, nitatapika nyuma ya jiko. Nikimaliza, nitampelekea maji.

Mwanao,
Nakundwa