Karatasi za Kufungia Karanga

Iringa, 9 Februari 2025

Wifi yangu Tumpe,

Kamwene! Hamjambo hapo Mbeya? Watoto wamepona mafua? Kaka yangu bado anakoroma? Sisi tuko salama, ila mvua hazitupi nafasi hata ya kuanika nguo.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu ungenikatia. Jana nilikuwa natoka Morogoro. Basi likasimama Ilula, akina mama wakatuvamia madirishani na nyanya zao kama kawaida, nami nikanunua karanga. Nilipomaliza kula nikaikunjua karatasi. Sisi wakutubi unatujua, hatuwezi kuona maandishi tukayaacha. Ulikuwa ukurasa wa tasnifu ya mwanafunzi, na juu yake muhuri wa maktaba ya chuo chako, ule mwekundu.

Niliutia kwenye mkoba haraka kama mwizi, maana kiti cha pili alikaa mwanachama mwenzetu. Mimi, katibu wa tawi la chama cha wakutubi wa vyuo, nimeficha! Niambie mmeibiwa. Nakuomba, wifi, niambie mmeibiwa.

Wifi yako,
Severina

Mbeya, 20 Februari 2025

Wifi Severina,

Ndaga fijo, asante sana kwa barua. Watoto wamepona. Kaka yako hajambo, anakoroma vilevile. Na nyie poleni na mvua.

Hatukuibiwa. Ni mimi. Mkuu wa chuo alitaka chumba cha kompyuta kabla wakaguzi hawajafika, na chumba hicho kilijaa tasnifu za zamani, vumbi tupu. Nilidhani chuo mama wana nakala. Sikuuliza. Ningemuuliza nani? Nyie nilishawaaga kwa mbwembwe, nikasema chama chenu ni cha chai na sare. Akaja mnunuzi wa makaratasi, akasema anayapeleka kiwanda cha karatasi cha Mgololo yakasagwe. Kumbe kayauza njia nzima kwa wenye maduka. Nimewapigia chuo mama, hawana hata moja. Siku hizi nikiona mtu anakula karanga namtazama mikono.

Baya zaidi ni hili. Kuna Mama Eveline, mjane wa mwalimu Sosthenes. Tasnifu ya mumewe ilihusu nyimbo za wachunga ng'ombe wa Usangu. Kila mwaka, mwezi aliofariki mumewe, mama huyu huja maktaba. Haazimi. Anakaa, anafungua ukurasa wa shukrani, pale mumewe alipomshukuru yeye, anausoma, anaaga. Juzi amekuja. Nikamtazama machoni nikamwambia imeazimwa, arudi mwisho wa mwezi ujao. Akanishukuru! Nilitamani ardhi ipasuke.

Nakusihi, chama wasijue.

Wifi yako mwenye aibu,
Tumpe

Iringa, 2 Machi 2025

Wifi,

Nakusalimu japo nimekasirika. Huku wote wazima.

Hivi Tumpe, ulikuwa na akili timamu? Kwenye chama hakuna anayetoa kitabu rafuni akakitupa kabla hajawatangazia wenzake. Mwenye nafasi anakuja kuchukua. Hiyo ndiyo kazi tunayoifanya kati ya chai na chai! Ungesema neno moja tu, Ronak, mwenzangu wa hapa maktaba, angekuja na gari la baba yake.

Basi nimesema. Nimewaambia wote kwenye kikundi, na jina lako nimelitaja, maana wasingejua watafute muhuri upi. Nigombeze ukitaka. Yule dada wa Mafinga amezunguka soko zima. Wa Makambako ananunua karanga asizokula. Ronak ameyakuta marobota mazima, hata kamba hazijakatwa, kwenye stoo ya duka la mjomba wake. Tumeyabeba yote. Ya Sosthenes bado haijaonekana.

Wapo waliokucheka, sikufichi. Walicheka, kisha wakaenda sokoni.

Wifi yako,
Severina

Iringa, 19 Machi 2025

Wifi Tumpe,

Hamjambo? Simu zangu hupokei, na kaka anasema hutaki hata kusikia nikitajwa. Una haki. Nilijisemea nakuokoa, lakini ukweli ni kwamba siku ile nilifurahi kidogo kuwa mwenye habari. Nikikumbuka naona haya. Nisamehe, mke wa kaka yangu.

Tasnifu imepatikana Ruaha Mbuyuni kwa muuza vitunguu. Nimempa kondakta wa basi la asubuhi, kaipokee stendi. Kurasa za mwanzo zimeshatumika, na shukrani zilikuwa humo. Ukipenda, mwambie yule mama kuwa aliyeazima ndiye aliyezichana. Sisi wa chama tutanyamaza.

Wifi yako,
Severina

Mbeya, 2 Aprili 2025

Wifi yangu Severina,

Nimenyamaza sana, samahani. Kaka yako na watoto hawajambo. Hasira zilinipanda hadi nikasema sitakanyaga Iringa tena. Zimeshuka. Mnirudishe chamani, na kwenye mkutano wa Juni mnipe nafasi niseme mwenyewe niliyoyafanya. Nikilia mniache nilie.

Mama Eveline alikuja jana. Ule uongo ulikuwa mdomoni tayari, umepangika vizuri. Nikashindwa. Nilimweleza yote: chumba, mnunuzi, karanga, na kwamba haikuwahi kuazimwa na mtu. Nilingoja anitukane, wifi, na nilitaka anitukane.

Hakunitukana. Aliipakata ile tasnifu iliyobaki. Kisha akasema, "Chukua kalamu. Ule ukurasa naujua kwa moyo." Akaanza kuusema, mimi naandika. Alipofika katikati akakwama. Akarudia tangu mwanzo, akakwama palepale. Akafumba macho, midomo inacheza, haikuja.

Akanigeukia, wala hakuwa na hasira, akaniuliza, "Si wewe ndiye mkutubi, mwanangu? Hapo palikuwa panasemaje?"

Miaka yote hiyo ilikaa rafuni kwangu, wifi. Sikuwahi kuifungua.

Wifi yako,
Tumpe